Mama Hyasinta na Jina Asilolitamka

Miaka thelathini kasoro siku chache! Ndivyo Mama Hyasinta alivyotuhesabia mwenyewe alipoletewa barua ya kustaafu, na hakuna aliyethubutu kubisha. Aliingia ofisi hii ya Musoma Julai 1967 akiwa mpiga chapa, na anatuaga Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 1997, akiwa karani wa masijala. Kwenye vyeti ni Jenoveva, lakini ukimuulizia Jenoveva getini utaambiwa hayupo.

Vijana mlioajiriwa juzi hamwezi kujua miaka ya dhiki ilikuwaje. Mwaka 1982 karatasi ziliadimika hadi tukachapa barua za serikali nyuma ya kalenda kuukuu za bodi ya pamba. Utepe wa mashine ukikauka, Mama Hyasinta aliupaka mafuta ya taa, akauanika dirishani upigwe na upepo wa ziwa, nasi tukisinzia kwa harufu ile kama watoto walioshiba. Mgawo wa sabuni ukija, aliukata mche wake kwa uzi, kila meza ikapata kipande. Ila ukikunja pembe ya jalada, utajuta! Ana ulimi yule mama, jamani.

Tangu 1979 alishika ufunguo wa masijala ya siri. Tulikuwa wawili mle ndani, yeye na mimi Renatus ninayeandika haya. Chumba kilikuwa na ukimya mtamu. Mchana tulisikia mawimbi kwa mbali na yeye akiimba puani, hata nikasahau kama niko kazini au nimo usingizini. Miaka kumi na minne sikumsikia akitoa nje neno la jalada.

Ukafika mwaka 1993, viwanda vinauzwa. Kiwanda kimoja cha kuchambua pamba upande wa Bunda kilitangaziwa zabuni, na orodha ya waombaji, iliyokuwa siri, ikavuja. Kati ya waombaji kulikuwa na kikundi cha wakulima wa Mugeta, na mwenyekiti wake ni baba mkwe wa Mama Hyasinta. Basi akaletwa mtaalamu mgeni na mashine ya kupima uongo: waya vidoleni, mkanda kifuani, kalamu inachora mapigo ya moyo.

Mtaalamu alimtaka Mama Hyasinta atamke jina la mwenyekiti yule, kisha aseme kama amewahi kumpa siri ya zabuni. Sasa, kwao mke halitamki jina la baba mkwe, hata aombwe na nani. (Nami silitaji hapa, maana kijitabu hiki cha kumuaga atawasomea wajukuu kwa sauti.) Alinyamaza, jasho likamtoka, kalamu ikapanda na kushuka vilima. Ikaandikwa ameshindwa. Siku hiyohiyo kibali chake cha kushika siri kikasimamishwa, ufunguo ukachukuliwa, akahamishiwa dirisha la barua za kawaida. Alilia chooni. Tulimsikia sote, tukajifanya tunatafuta majalada.

Baba mkwe alipopata habari alipanda basi hadi Musoma, kavaa koti lake la kanisani, akasimama mbele ya kamati ya upekuzi. "Mkamwana wangu huyu hanitajagi," alisema. "Hata chai ananitumiaga kwa mjukuu. Hizo siri zenu kanipa kwa mdomo upi?"

Wajumbe walicheka hadi wakafuta machozi. Bwana Silasi, mwenyekiti wa kamati, alimwamini kabisa. Lakini faili lilidai jibu, na aliyevujisha hakujulikana. Mama Hyasinta akapewa nafasi ya pili: atamke jina mara moja tu, apimwe upya. Mzee mwenyewe aliridhia. Mama Hyasinta akashukuru, akakataa. Kibali hakijarudi mpaka leo. Miaka minne amekaa dirishani pale, na wajane wa Butiama wanaofuatilia mafao ya waume zao wanamjua kuliko wanavyomjua mkuu wa ofisi.

Mimi pia nilipimwa siku ile. Nililitazama ziwa kupitia dirisha, likawa limetulia, nikawa kama ninaota, na kalamu ikachora mstari mnyoofu. Nilifaulu. Ufunguo wakanipa mimi. Na ni mimi niliyemtajia rafiki yangu wa Bunda orodha ile, tukila sato mchana, kwa kujionyesha tu kwamba najua mambo. Hakuninunulia hata soda.

Maneno haya mkuu wa ofisi anayo tangu asubuhi, pamoja na ufunguo. Mgeni rasmi anayo, nanyi mnayo mikononi. Mama Hyasinta hakuvujisha kitu.

Mama, ofisi nzima inakushukuru. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha shambani Mugeta na wajukuu wasiokuchosha. Leo utoke hapa kifua mbele. Mimi nakuomba unisamehe.