Mwalimu Veneranda na Pini Zenye Kazi Mbili

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mwalimu Veneranda Mahona alistaafu, baada ya kufundisha elektroniki katika chuo chetu hapa Tabora kwa miaka thelathini na moja. Wahariri wa jarida hili la chuo wameniomba mimi, Majidi, jirani yake wa karakana ya umeme wa majumbani, niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila nimekasirika, na wanaonifahamu wanajua huwa sifichi.

Alizaliwa Lusu, akaja mjini akiwa binti, akaajiriwa hapa na hakuhama tena. Mafundi wengi wa redio na simu mnaowaona sokoni wamepita mikononi mwake.

Somo lililompa jina ni la maikroprosesa, ile chipu iliyo ubongo wa kompyuta. Chombo hicho lazima kiiambie kumbukumbu mambo mawili: mahali, yaani anwani, na kitu cha kuweka pale, yaani data. Pini, yaani vijiguu vyake vya chuma, hazitoshi, kwa hiyo pini zilezile hupitisha yote mawili kwa zamu. Kwanza inapita anwani. Pini nyingine inatoa ishara, na chipu ndogo ya pembeni inaikamata anwani ile na kuishikilia. Ndipo pini zinakuwa huru kubeba data. Chipu hiyo ikikosekana, data inafika na haijui pa kulala.

Hakulifundisha ubaoni tu. Aliwapanga wanafunzi kwenye mlango mmoja wa stoo. Wa kwanza anapita akitaja namba ya rafu, anayesimama mlangoni anaiandika kwa chaki, kisha mzigo unapita mlango uleule. Mwaka mmoja Doto, ambaye leo ana duka la simu, alizidiwa na kicheko pale mlangoni akasahau kuandika. Bisibisi zote zikaishia kwenye rafu ya sabuni, tukazisaka mpaka saa ya chakula.

Sasa nije kwenye hasira yangu. Fundi wa chuo alipohamishwa, kazi zake alipewa Mwalimu Veneranda, eti kwa muda. Muda huo ulikuwa miaka tisa. Jenereta ikigoma, anaitwa. Spika za mgeni rasmi zikikoroma, anaitwa, chaki ingali mkononi na sentensi iko katikati. Akirudi, kipindi kimekwisha na wanafunzi wamebaki na nusu ya somo. Mwaka juzi walifanya vibaya mtihani wa vitendo, na aliyetakiwa kujieleza ni yeye. Ofisi ilikuwa na kauli moja tu: punda afe, mzigo ufike.

Aliomba kikaoni fundi aajiriwe. Mkuu wa chuo akacheka, akamwambia, “Mama, si wewe unayefundisha kwamba pini moja inafanya kazi mbili? Basi na wewe fanya hivyo.”

Wapo waliocheka naye. Mwalimu Veneranda alisubiri wanyamaze, akajibu taratibu, “Inafanya kwa zamu, Mkuu, na ya kwanza ina wa kuishikilia wakati ya pili inapita. Mimi nikiitwa, darasa langu anashika nani?”

Kikao kikahamia ajenda ya maji. Mkuu huyohuyo hupenda kuwasimulia wageni kwamba mji huu ulikuzwa na wapagazi wa misafara ya Ujiji. Jamani, hata mpagazi alitwishwa mzigo mmoja!

Siku ya kumuaga, turubai lilikuwa limefungwa na pilau imeiva, mwenye sherehe haonekani. Akatumwa karani kumwita, akaambiwa asubiri. Mwalimu alikuwa darasani na mwaka wa pili, komeo limefungwa kwa ndani, anafundisha somo la pini. Tukasubiri, Mkuu naye akasubiri. Alipofungua mlango alikuwa amelimaliza lote. Wanafunzi waliniambia ndiyo mara yao ya kwanza kumsikia akifundisha kipindi kizima bila kukatizwa.

Wiki iliyofuata tangazo likabandikwa getini: chuo kinatafuta mwalimu wa elektroniki, na chuo kinatafuta fundi wa umeme. Nafasi mbili, watu wawili. Kumbe inawezekana, na miaka yote tisa ilikuwa inawezekana.

Mwalimu, asante kwa kila kijana uliyemshika mkono. Tunakuombea afya na siku nyingi kwenye shamba lako la karanga kule Kipalapala, na kila utakachokianza asubuhi ukimalize bila kuitwa. Simu ya chuo ikilia, usipokee.