Majibu ya Damu

Benchi letu liko mbele ya banda la Spoku, fundi baiskeli, mkabala na kibanda changu cha kunyolea. Asubuhi ile lilijaa mapema kwa sababu ya karatasi moja iliyobandikwa kwenye mlango wa zahanati: watafiti wa afya wanakuja tena, wananchi wote waitwa mkutanoni. Hiyo "tena" ndiyo iliyotuwasha. Miaka miwili nyuma walikuja wengine na gari jeupe, wakawatoa damu watoto arobaini, wakagawa sabuni, wakaondoka. Majibu waliahidi baada ya miezi mitatu. Mpaka leo kimya. Redio, mchoma mkaa asiyejua kunong'ona, hakungoja hata kahawa ipoe.

REDIO: Mimi siendi. Ile damu iliuzwa. Tajiri akizeeka anaongezwa damu ya mtoto, anarudi kijana.

SPOKU: Vichupa arobaini vidogo vile? Huyo tajiri wako atarudi kijana mguu mmoja tu.

Mwalimu mstaafu, tunayemwita Hesabu, akavua miwani. Akivua miwani, jua kuna jambo.

HESABU: Mnatazama karibu mno. Damu inatokana na maji, maji ni ya kisima chetu, na kisima kiko kwenye udongo wetu. Ukipima damu unajua chini kuna madini gani.

REDIO: Ndiyo maana walitaka na choo cha watoto!

HESABU: Umeona? Hapa tutahamishwa, nakwambieni.

SPOKU: Mwalimu, unafundisha au unatutisha?

Tukacheka. Mama Cherehani tu ndiye hakucheka. Alikaa mwisho wa benchi akishona vifungo, kitambaa kimejaa mapajani. Kitindamimba wake alikuwa mmoja wa wale arobaini.

MAMA CHEREHANI: Nyie chekeni tu. Mimi wangu nilimpeleka mwenyewe. Alilia, nikamshika mkono usitikisike. Nikamwambia nyamaza mama, tunasaidia watu.

Spoku akaacha kuzungusha gurudumu.

MAMA CHEREHANI: Mwaka uliofuata akawa anachoka. Akipanda kile kilima cha shule, anakaa chini njiani. Nikahangaika naye mpaka hospitali kubwa. Daktari akasema damu imepungua sana, na hali ile haikuanza jana. Alilazwa wiki tatu. Sasa kila nikikaa kwenye cherehani najiuliza: wale waliiona kwenye karatasi zao, wakanyamaza?

SPOKU: Anaendeleaje sasa, shemeji?

MAMA CHEREHANI: Mzima, anakimbia. Lakini mimi damu sikuwanyima. Wao ndio walioninyima jibu.

REDIO: Dada, si ungetuambia?

MAMA CHEREHANI: Ningekwambia saa ngapi, kaka? Wewe unapumua lini?

Hapo ndipo tulipomwona binti mmoja amesimama pembeni, mkoba begani, vumbi mpaka magotini. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Akatuamkia shikamoo, akasema yeye ni wa utafiti huo mpya, ametangulia kabla ya mkutano.

REDIO: Sindano umeficha wapi?

MGENI: Sina sindano, baba. Utafiti wenyewe bado haujapangwa.

MAMA CHEREHANI: Majibu ya wale wa kwanza unayo?

MGENI: Sina, mama. Hao hawakuwa wenzetu. Nitawatafuta. Nikiwakosa, nitarudi nikwambie nimewakosa.

Mama Cherehani alimtazama usoni muda mrefu, kama anayepima nguo kwa macho. Binti hakukwepa. Akatoa daftari, likiwa halijaandikwa kitu.

MGENI: Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Kama nyinyi ndio watafiti, hapa mngeanza kuchunguza nini?

Nikamgeukia Redio. Naye akamgeukia Hesabu. Hesabu akafuta miwani, akaivaa, akaifuta tena. Si kwamba hatuumwi. Tunaumwa mengi, na tunayasema kila siku hapa hapa. Ila kuambiwa tuchague sisi, hilo halijawahi kutufikia, na tulipotafuta pa kuanzia, kila mmoja alimwachia mwenzake.

Mama Cherehani akakusanya kitambaa chake, akasogea, nafasi ikapatikana.

— Kaa, mwanangu. Swali zito hivyo, utatuulizaje umesimama?