Fomu ya Msumari Kabla ya Kengele

Benchi letu limeegemea ukuta unaotazama geti la kiwanda cha sare za shule. Mwenye benchi ni mimi, hata kama seremala alimtengenezea mwingine. Shule niliiacha mapema, niliona inanichelewesha. Leo tuko wanne: mimi, Waziri fundi viatu ambaye hakuna asilolijua, Bi Birika mwenye kahawa, na Msumari, mkata vitambaa wa hapo kiwandani, aliyekuja na fomu mkononi na sura ya mtu aliyeng'olewa jino. Oda zimekauka. Wafanyakazi wachague: wote wakatwe theluthi ya mshahara kwa miezi sita, au wanane waachishwe kazi. Fomu irudi getini kabla ya kengele ya saa saba.

— Theluthi nzima! Msumari akafoka. Mwenye nyumba naye atanikatia theluthi ya kodi?

— Kubali tu, mwanangu, akasema Bi Birika. Miezi sita itapita.

— Mama, hujui wewe, Waziri akadakia. Hakuna cha oda kukauka. Mashati yote bosi kayaficha chini ya kitanda.

— Mashati elfu nzima? akauliza Bi Birika.

— Kitanda kirefu.

— Nyamazeni, nikasema. Wakikata theluthi, na wewe kata. Shati liwe na mkono mmoja, suruali mguu mmoja. Watakoma!

— Na mtoto aendeje shule, we kichwa maji? akauliza Waziri.

— Asiende. Mimi niliacha na nimenyooka.

— Tunakuona, akasema Bi Birika. Tangu asubuhi umenyooka hapo hapo kwenye benchi.

— Mnanichanganya! Msumari akashika kichwa. Niweke wapi alama?

— Waachishwe hao wanane! nikasema. Wewe mzoefu, hawakugusi. Lete hapa.

Nikachomoa kalamu yangu, ile niliyowaambia mara mia kwamba wino wake haufutiki hata kwa sabuni, nikampigia tiki nene. Msumari akashusha pumzi.

Mara akatoka getini dada mmoja mwembamba, sindano zimechomekwa kwenye kola. Anashona vifungo, meza yake inatazamana na ya Msumari. Ana mwezi wa pili tu kazini. Mle ndani hakuna mgeni kumzidi.

— Shikamoo, mama. Kaka Msumari, mimi yangu nimerudisha. Nimekubali kukatwa. Eti kaka, hao wanane wangekuwa kina nani?

Waziri akainama kutafuta uzi chini ya benchi. Bi Birika akachungulia ndani ya birika, nalo lilikuwa tupu. Mimi nikajifanya napuliza kahawa yangu.

Msumari akanigeukia.

— Wino wako huo, kweli haufutiki?

— Haufutiki.

— Na domo lako?

Akaninyang'anya kikombe, cha mwisho hicho, bado kinafuka, akamwaga kahawa yote juu ya fomu, akavuka barabara mbio.

— Mlinzi! Imemwagikiwa, nipe nyingine!

— Kalamu unayo?

— Niazime yako. Ya kule siitaki tena.