Mama Zubeda Si Jina

Baraza ya Mwinyimadi, pale Kisarawe kwenye njia ya bomani, haikukosa watu asubuhi hata siku moja. Benchi la mninga, birika la Isihaka muuza kahawa juu ya makaa, na wazee watatu walioitumikia Serikali ya Mwingereza hadi meno yakalegea. Mwinyimadi mwenyewe alikuwa tarishi miaka ishirini na tisa, wakimwita Miguu. Kitwana, askari jela wa zamani, walimwita Sheria, maana hapakuwa na sheria asiyoijua wala aliyoisoma. Na Cornel, dresa mstaafu wa hospitali, mfunga vidonda na mpiga sindano, Mkatoliki, huyo ni Sindano. Asubuhi hiyo ya mwaka 1952 ubishi ulikuwepo, kicheko hakikuwepo. Ndani, kwenye chumba chenye dirisha juu ya benchi, mke wa Mwinyimadi alikuwa amelala wiki ya tatu na uvimbe tumboni.

— Hebu tuambie tena, Miguu, hiyo ilani inasemaje? aliuliza Kitwana.

Mwinyimadi aliijua kwa moyo. Zamani mtumishi aliyestaafu alitibiwa bure, yeye na watu wa nyumbani kwake, bila maswali. Sasa mke hatibiwi mpaka jina lake liwemo katika faili la mumewe. Kama halimo, iletwe barua yenye jina hilo, na mashahidi wawili wanaomjua watie sahihi.

— Na kwenye faili lako wameandika nini?

— Mama Zubeda.

— Si ndilo hilo hilo!

— Karani anasema Mama Zubeda si jina. Ananiuliza, huyo Zubeda yuko wapi?

Zubeda alikufa kwa surua akiwa na miaka minne, na mama yake hakupata mwingine.

Siku ile ya kuandikwa kazi, Mwinyimadi aliulizwa jina la mkewe mbele ya wanaume saba. Haya, mwanamume gani wa Kizaramo mwenye haya zake alitaje jina la mkewe hadharani, kama mtu anayenadi kuku sokoni? Alijibu walivyojibu wenzake wote. Na jana bomani, watu wamejipanga nyuma yake, ulimi ulimgoma vilevile. Akasema, “Nitaleta mashahidi.” Leo tumaini lake lote lilikuwa kwa hawa wawili: mmoja alitaje jina, yeye anyamaze, barua iandikwe, na lori la saa nne limpeleke mgonjwa hospitali kubwa ya Dar es Salaam. Cornel alikwisha kumwambia kwamba hapa hakuna kisu cha kazi ile, na kwamba wiki ijayo watakuwa wamechelewa.

— Mimi nawaambieni, hii ni kodi, alisema Kitwana. Wakishapata majina ya wake zetu, mwakani kila mke analipiwa kodi ya kichwa. Mtaka cha uvunguni sharti ainame!

— Cha uvunguni kimeingiaje hapa, Sheria? Cornel alimkatiza. Dawa zimekwisha, basi. Zote zimepelekwa vitani huko Korea. Sasa wanatafuta sababu ya kutunyima.

— Korea wapi! Mfalme si amekufa? Amekaa mwanamke. Na mwanamke akitawala, jambo la kwanza anataka kuwajua wanawake wenzake, mmoja mmoja, kwa majina. Atawaandikia barua!

— Toba! alisema Isihaka, akimimina.

— Shangaa tu. Ndiyo maana nasema tungoje kwanza tuone. Haraka haraka haina baraka.

Mwinyimadi alikiweka kikombe chini, kahawa ikamwagika.

— Wallahi, Kitwana, usinitajie baraka! Mke wangu hajala tangu juzi. Nyinyi ni mashahidi wangu. Tieni sahihi twende.

— Tutatia, ndugu yangu, tutatia. Nani kakataa?

Mwalimu mmoja kijana, Sixtus, aliyekuwa akilingoja lori lile lile, alikuwa amesimama pembeni na sanduku lake.

— Shikamooni, wazee. Nimesikia habari ya barua. Kalamu ninayo, na karatasi ninayo.

— Marahaba, mwanangu, alisema Mwinyimadi. Mungu akuweke. Andika!

Sixtus alikaa, akaweka karatasi juu ya sanduku, akaandika mistari miwili. Kisha akainua macho.

— Bibi mwenyewe anaitwa nani?

Kitwana alimtazama Cornel. Cornel alimtazama Kitwana. Isihaka aliacha kugonganisha vikombe.

— Wewe Sheria si umekula wali wake miaka thelathini? alisema Cornel polepole.

— Nimekula. Nikisema, “Ahsante, mama Zubeda.” Na wewe si umemtibu malaria?

— Kwenye daftari niliandika, “Mke wa tarishi.”

Mwinyimadi aliona aibu, na chini ya aibu ile ilikuwepo hofu, kubwa kuliko aliyopata kuiona maishani. Jina lilikuwa pale pale kooni.

— Litaje, Mwinyimadi, alisema Kitwana, na safari hii hakumwita Miguu. Mimi wa kwangu hamkumsikia akitajwa hata siku moja. Siku alipotajwa mbele ya wanaume ilikuwa mazikoni, kwenye talakini, shehe kachutama juu ya kaburi, anamwita kwa jina lake. Hakuitika.

Kutoka upande wa bomani honi ya lori ililia mara mbili.

— Mwanamkuu, alisema Mwinyimadi.

Sauti ilitoka ndogo, na Sixtus akainama mbele.

— Samahani, mzee, sikusikia.

Mwinyimadi alisimama, akaliegemea benchi kwa mikono yote miwili, akasema kwa sauti ya tarishi anayepeleka ilani kijijini:

— Mwanamkuu! Mwanamkuu binti Pazi, wa Chole! Mke wangu!

Dirisha lililo juu yao lilitikisika kidogo, kama kwamba mtu ndani anatafuta pa kushika.

— Abee, bwana, aliitika mwanamke kutoka ndani.