Hakusukumwa: Leonidas Kasokota, 1948–1996

“Hakunigusa mtu. Mara ngapi niseme? Mnanidai jina, mimi sina jina la kuwapa.” Hivyo ndivyo marehemu alivyowajibu wakubwa wa ukoo waliokizunguka kitanda chake wakitaka amtaje mchawi. Waliondoka wamenuna. Yeye alibaki amelala, maana hata angetaka kuondoka asingeweza.

Marehemu Leonidas Kasokota alizaliwa Kabungu, wilayani Mpanda, tarehe 3 Machi 1948, mtoto wa pili wa mzee Aloyce Kasokota. Alisoma hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1960 ada ilipokosekana. Alikuwa na maswali mengi mno, hata walimu walikuwa wakimtuma maji kisimani ili wapumzike.

Mwaka 1971 alianza kubeba magunia stesheni ya Mpanda. Mizigo aliiweza, kusimamiwa hakukuweza. Akarudi Kabungu kurina asali, na baadaye akashirikiana na Polycarpe, mkimbizi wa makazi ya Katumba, aliyekuwa akiishi kwetu kwa kibali.

Mwaka 1974 alifunga ndoa na Tereza. Siku ya mahari alipeleka debe la asali, na ndani yake nyuki waliokuwa wamezubaa kwa baridi. Nyumbani kwa wakwe moto ulikuwa unawaka, nyuki wakapata joto wakaamka. Mshenga alimalizia hotuba yake akiwa nje, peke yake.

Tarehe 11 Juni 1994 marehemu aliteleza akirina asali juu ya mti wa mninga, akaanguka, mgongo ukavunjika. Hospitali walifanya walichoweza, wakaturudishia mgonjwa wetu. Polycarpe ndiye aliyekuwa chini ya mti, basi ukoo ukasema amemvuta kwa dawa, na baraza likaamuru arudi Katumba. Tuliopinga hatukusikilizwa: tulikuwa wanawake wawili, mke na dada yake, na mgonjwa mwenyewe.

Marehemu alimwita Mwalimu Silvester, aliyekwisha kustaafu, akamuuliza: kati yangu na ardhi palikuwa patupu, sasa ardhi ilinivutaje bila mkono wala kamba? Mwalimu akasema ardhi inavuta kila kitu, hata mwezi, na huko mwezini hata hewa ya kupitia hakuna. Mwezi nao unaanguka siku zote, ila kwa kuwa unakimbia kwenda pembeni, kila mara unaikosa ardhi. Marehemu akasema mwezi una bahati.

Hakuridhika. Alitaka kujua mvuto unapitaje mahali pasipo na kitu. Mwalimu akabonyeza kamba za kitanda kwa kiganja, akasema wasomi wanadai patupu si patupu kabisa. Penye kitu kizito panabonyea, na kilicho jirani kinaporomokea huko. Wakati huohuo Marta, mtoto wa mwisho, aliketi ukingoni mwa kitanda, akaserereka hadi kwenye mbavu za baba yake. Marehemu alicheka, jambo tulilokuwa tumelisahau.

“Na kwa nini panabonyea, Mwalimu?”

“Hapo sijui, Leonidas. Tunajua panabonyea. Kwa nini, sijui.”

Tangu siku hiyo, kila aliyeleta habari za mchawi alijibiwa: “Aliyenivuta mimi ndiye anayevuta mwezi. Mkamfukuze na huyo.” Walicheka, lakini Polycarpe hawakumrudisha. Marehemu aliomba miaka miwili bila kusikilizwa. Vidonda vya mgongo vilimla, kifua kikafuata. Tulimgeuza, tulimwosha, tulimlisha. Zaidi ya hapo hatukuwa na uwezo wowote. Alifariki Jumanne, tarehe 20 Agosti 1996, kichwa chake kikiwa mapajani mwa dada yake Pudensiana.

Ameacha mjane Tereza, watoto Maximilian na Marta, na dada huyo.

Jana msibani tuliuliza, kama ilivyo desturi, ni nani anayemdai marehemu. Polycarpe, aliyepata ruhusa ya kuja kuzika, alisimama akasema yeye hadai, anadaiwa. Siku ile ilikuwa zamu yake kupanda. Alikuwa na homa, marehemu akapanda badala yake. Akaomba kamba, aende kwenye mninga uleule akailipe zamu yake. Hata wale wenye maneno walitazama chini.

Tereza akamshika mkono akamketisha.

“Shemeji, kaa ule. Zamu hiyo mwenyewe hakuidai, na mimi nimeisamehe.”

Sasa Leonidas apumzike, na midomo yetu nayo ipumzike.