Yusuf Abdelkarim, Aliyeomba Kizuizi cha Kawangware Kifunguliwe

Marehemu Yusuf Abdelkarim alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1899, mtoto wa tatu wa askari wa Kinubi. Familia ilihamia Kibra mwaka 1912. Kurani aliisoma kwa mwalimu wa mtaani. Hesabu alifunzwa jeshini, na hakuwahi kuipenda.

Alimsaidia daktari wa jeshi kuanzia 1917 hadi 1934. Mwaka 1923 alimwoa Bi Fatna, ambaye mpaka leo anasema aliolewa na mtu mwenye adabu kupita kiasi.

Adabu hiyo ilipata mtihani Mei 1954, askari walipouzingira mtaa wa Kawangware wakiwasaka wapiganaji wa msituni. Ndani, watoto walikuwa wakihara na maziwa hayaingii. Mzee alibeba birika la kahawa akaenda kwenye kizuizi cha askari. Wazee wake wa Kinubi walimlea hivi: mwenye shida humkirimu mkubwa, akangoja aulizwe. Afisa wa Kizungu alikunywa siku mbili asiulize neno.

"Baba Suad, watoto wanakufa, wewe unamimina kahawa," Bi Fatna alimwambia.

Siku ya tatu afisa aliuliza. Mzee aliomba njia ifunguliwe kwa muda wa saa moja kila asubuhi: aingize maziwa na dawa, atoe wagonjwa. Afisa alikubali, ila Mzee amletee majina ya wapiganaji waliojificha humo.

"Nikitoka na majina leo," Mzee alimjibu, "kesho hakuna atakayenifungulia mlango, na hayo maziwa yatarudi."

Afisa aliyaacha hayo majina, akaamuru njia ifunguliwe. Watoto ishirini na sita walifikishwa hospitali. Lakini mwana wa Wangoi, mama mmoja wa humo Kawangware, alikuwa amefariki siku ya pili ya kahawa. Mzee alimwendea mama huyo, akamwambia wazi kwamba alichelewa kwa sababu ya adabu. Tangu hapo Mzee akawa anataja shida kabla ya salamu, hata dukani. Tulimcheka sana, kumbe mwenzetu ameumia.

Aliugua kifua tangu Novemba 1955, akafariki nyumbani Ijumaa, tarehe 9 Machi 1956.

Ameacha mjane, Bi Fatna, binti zake Suad na Sitelbanat, na wajukuu watano. Wangoi naye yuko hapa. Asubuhi hii alikwenda mwenyewe kwa askari kuomba pasi, kile kibali cha kutoka mtaani kwao, aje mazikoni. Alipoulizwa marehemu ni nani yake, alisema, "Ni mtu wangu."

Mola ampokee bila kumngojesha.