Shamba la Kiegeani Si Urithi

Sogeeni, wanangu, Jumanne, Mize na wewe Mwanahalima, maana pumzi zangu ni chache na neno langu ni zito. Nyumba hii na minazi saba ya uani ni yenu, gawaneni kwa sheria ya dini. Shamba la Kiegeani msiliguse. Hati ina jina langu, Kombo bin Matano, kwa kuwa karani wa Mdachi alikataa kuandika majina kumi na mawili. Najua, Jumanne, kwamba Sleyum, yule mnunuzi wa mashamba, ameshakushawishi umuuzie. Hutauza kisichokuwa chako.

Tulikuwa watu kumi na wawili, wabeba mawe wa mnara wa taa wa Ras Mkumbi. Ujira wetu tuliuweka pamoja, tukanunua shamba lile bila bwana wa kutusimamia, nami ndiye niliyeweka kanuni: shamba ni la wote, fungu ni kwa jasho, kwani mchumia juani hulia kivulini. Siku ya mgao wa kwanza alikuja fundi Heni, Mdachi mwashi tuliyejenga naye, akanywa dafu akacheka kwa furaha. Akasema, "Kombo, kwetu mafukara wanakipigania hiki. Wanakiita usoshalisti: mali ya wote, na kila mtu apate kwa kazi yake. Lakini wako wanaosema safari iendelee mpaka ukomunisti, kila mtu atoe awezacho, achukue anachohitaji, asiwepo bwana wala mgawaji."

Nikamuuliza, "Na mvivu je?"

Akasema, "Ndilo tunalogombania."

Mwaka wa pili Mfaume, mkwezi wetu hodari, alianguka akavunjika kiuno. Siku ya mgao mkewe Biubwa alikuja na pakacha tupu. Nikamwambia mbele ya watu, "Mkono mtupu haulambwi." Akanitazama. Akasema, "Kombo, kiuno cha mume wangu kimevunjikia shambani kwa nani?" Akaondoka bila nazi hata moja, na wanawe wakala ming'oko, mizizi ya porini, siku nyingi.

Mama yenu, huyo aliye nyuma ya pazia, alizirudisha nazi zangu mlangoni. "Sizikuni hizi," akasema. Siku tatu hakuwasha moto.

Mgao uliofuata nilisimama, nikalimwaga fungu langu mkekani, nikamwita Biubwa achague wa kwanza, kiasi cha kuwatosha. Zahor, mmoja wa wale kumi na wawili, akapiga kelele, "Kesho kila mtu ataanguka!" Hakuanguka mtu, wanangu. Iddi alikula misimu miwili bila kushika panga, sisemi uongo, tukamsema hata akahamia kijiji cha Bweni. Basi tukakubaliana hivi: mgonjwa, mjane na mtoto huchukua wanachohitaji kwanza, kisha kinachobaki kigawanywe kwa jasho. Kule alikokusema Heni hatukufika. Lakini tangu siku ile hakuna nyumba kati ya zile kumi na mbili iliyolala na njaa, hata mwaka wa nzige, na mimi, mtoto wa mbeba maji, najivunia hilo kuliko wenye majumba wanavyojivunia majumba yao.

Shamba nimelifanya wakfu. Kadhi anajua. Mize, hati ishike wewe, una moyo wa mama yako. Jumanne, wewe utasimamia mgao, na wa mwisho kuchukua uwe wewe.

Nipeni maji... Basi. Yatosha.

Nikifa anioshe Zahor. Hatujasalimiana tangu siku ile ya mkeka, na aliyekataa hadharani ni mwanamume kuliko anayenung'unika chini chini. Mwambieni nimesema hivyo. Mwambieni... nimemsamehe, naye anisamehe.

Jumanne, lete mkono. Sema, "Si langu." Sauti, mwanangu, mama yako asikie. Tena.

Ehe. Hivyo.

Mola awape riziki ya kutosha, na macho... ya kumwona asiyetoshelezwa. Nimekuwa radhi nanyi. Nimekuwa... radhi.